Mpera Uliokatwa Kitabuni

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua Isecheno, pembeni mwa msitu wa Kakamega. Kazi ilikuwa moja: kumaliza mipera. Nyumbani mpera ni mti wa kushibisha watoto. Huku nikaambiwa ni mgeni kutoka Amerika, kapewa kigoda kataka na kitanda. Palipokatwa miti zamani umejaa, umefunga kichaka, mche wa msituni haupati hata mwanga.

Tena mkaidi. Ukiukata kwa panga, kisiki kinachipua fimbo tele. Ikabidi tufukue kwa jembe, na kipande cha mzizi kikisahaulika ardhini, unarudi palepale. Wiki ya kwanza ilipoisha viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Malipo, wacha tuyaache.

Wiki ya pili nikaelekezwa kwenye mpera mkubwa uliosimama peke yake nyasini. Nimeinua panga hivi, nikasikia mabawa, vuu, vuu, kama mtu anayekung'uta mkeka. Hondohondo wawili, weusi kwa weupe, wakatua tawini juu yangu na kuanza kula mapera. Nikangoja waondoke. Wapi!

Mzee mmoja tuliyekuwa naye kazini akaja kuona mbona nimesimama. Nilijua nitagombezwa. Yeye akachuchumaa, akapekua nyasi kivulini.

"Kijana, hii ni nini?"

"Magugu, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. "Huu ni mutere. Huu hapa mwiritsa. Miti ya msituni hii. Nani kapanda?"

Kabla sijajibu, kinyesi kikaniangukia begani, na mbegu zake ndani.

Ndipo nikaelewa. Hondohondo akishashiba matunda ya msituni hatui kwenye nyasi tupu, anataka tawi. Na anapotua ndipo anapoacha mbegu. Tulihesabu miche 17 chini ya mpera ule. Kwenye nyasi za jirani, zisizo na mti, hatukuona hata mmoja.

Mzee akasema tung'oe vichaka vyote, mkubwa huu ubaki hadi miche iupite kimo, ndipo nao uondoke. Msimamizi hakutaka kusikia: karatasi yake ilisema mipera yote. Walibishana kwa Kiluhya hadi chai ikapoa. Mwishowe msimamizi akaandika kitabuni kwamba umekatwa, akaenda zake.

Nikafunga leso yangu kwenye shina, zamu ya kesho isije ikautia panga.