Nilivyompatia mama msamaha wa kodi ya majengo, na nyumba yangu nikaiacha ilipe

Mama alinipigia simu saa moja asubuhi. Alikuwa na siku mbili tu tangu arudi kutoka Kisarawe, alikokaa miezi miwili akimuuguza dada yake. Amenunua umeme wa 10,000, mita imempa uniti 15. "Mwanangu, si huwa zinakuja ishirini na kitu? Hii mita imekufa au nimeibiwa?"

Nikamwambia ampe mjukuu simu anisomee ujumbe wote, asiishie kwenye zile tarakimu 20 za tokeni. Mtoto akasoma: VAT 18%, REA (tozo ya umeme vijijini) 3%, EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati) 1%, na chini kabisa deni lililokatwa, 4,500. Hapo nikaelewa. Ni kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi, na ile miezi miwili aliyokuwa hayupo ilikuwa imejilimbikiza kwenye mita ikimsubiri arudi, ukajumlisha na mwezi huu. Umeme alionunua hasa ulikuwa wa 5,500, na hiyo nayo ikatolewa VAT na zile tozo. Asingekatwa deni hilo angepata uniti 28.

Wengi huniambia 1,500 si pesa. Kwa mama yangu ni uniti nne kila mwezi, na uniti nne ni siku mbili za friji analogandishia barafu za kuuza kwa watoto wa jirani pindi inapobaki nafasi baada ya kuweka dawa zake. Hana pensheni. Ana miaka 72. Na sheria iko wazi: mtu mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, au mwenye ulemavu asiye na kipato, anasamehewa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Nyumba moja. Nitarudi hapo.

Kilichonichelewesha ni ushauri. Jirani mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia tangu mwaka juzi, "Wazee hawalipi, we acha tu, itajifuta yenyewe." Nikaacha. Haijajifuta. Mita haijui umri wa mtu. Inajua namba yake tu. Usipokwenda kuomba, mzee wako atakatwa mpaka siku anaingia kaburini, na warithi watakuta deni. Mwingine akanishauri nivute waya kutoka kwa mpangaji wa nyumba ya pili ili mita ya mama ilale. Huyo sikumjibu. Nyumba mbili mtaani kwetu zimewahi kuungua kwa nyaya za namna hiyo.

Basi nikakusanya karatasi. Barua ya serikali ya mtaa, kopi za mirathi tulizonazo tangu baba afariki, kitambulisho cha mama, na picha ya mita niliyoipiga kwa karibu namba ionekane vizuri, kwa sababu mita bado ina jina la marehemu baba. Hiyo picha ilinisaidia sana. Barua ya mtaa nayo hakikisha wanaandika namba ya mita humo humo ndani na neno "mmiliki", wasiandike "mkazi" peke yake. Ya kwangu ya kwanza iliandikwa "mkazi", nikairudisha.

Nikampeleka mama mwenyewe ofisini kuomba msamaha, amevaa kanga zake mpya. Kijana wa dirishani alisimama kabisa kumwamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Akachukua kitambulisho, akakiangalia, akamwangalia mama, akakiangalia tena. Akanigeuzia taratibu huku kidole kikiwa kwenye mwaka wa kuzaliwa. 1968.

Miaka 56. Mama yangu, aliyeniona nikianza kuota mvi, kwenye kadi ana miaka 56.

Kijana hakukosea. Kwake karatasi ndiyo inayosema. Mama akakumbuka pale pale: siku ya kuandikishwa alikwenda na jirani, na walipoulizwa mwaka jirani akakadiria, mama akaona aibu kumpinga mbele za watu. Tukarudi nyumbani kwa daladala bila kusemezana. Mama alikuwa anaona kama amenipotezea siku ya kazi, na mimi niliumia kuona anawaza hivyo.

Cheti cha kuzaliwa hana. Wazee wengi wa umri wake hawana. Nilikaa siku tatu nikiuliza huku na kule namna ya kuthibitisha, kila mtu na lake. Usiku wa tatu nikiwa kwake namsaidia kupanga nguo, akafungua lile sanduku la chuma la kijani ambalo sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuligusa. Chini ya doti mbili za kanga zilizofungwa na karafuu kulikuwa na bahasha, na ndani yake cheti cha ndoa yake na baba. Kimepata rangi ya chai, kimechanika kwenye mkunjo, lakini mwaka unasomeka bila shida: 1972.

Nilikaa nacho mkononi nikafanya hesabu polepole. Kama amezaliwa 1968 na ameolewa 1972, basi ameolewa akiwa na miaka minne. Nikaongeza cheti changu cha kuzaliwa, 1976, chenye jina lake kama mama mzazi. Kwa kadi ile angenizaa akiwa na miaka minane. Hakuna ofisi duniani itakayosimama na hesabu hiyo. Nilifurahi nikamkumbatia, akaniuliza nimepatwa na nini.

Kesho yake tukala kiapo kwa wakili kwamba amezaliwa 1952, nikaambatisha vyeti vyote viwili na kuomba kadi irekebishwe. Ilichukua kama miezi miwili na nusu. Gharama zote, kiapo, kopi, picha na nauli, sikumbuki vizuri lakini haikufika laki. Kama una mzee nyumbani, fungua kadi yake leo uangalie mwaka. Usisubiri siku ya kuombea kitu. Na cheti cha ndoa kitunze hata kama ndoa yenyewe imeisha.

Nikiwa kwenye kusubiri huko ndipo akanifuata bwana mmoja wa pale mtaani, anayejiita mtaalamu wa mambo ya kodi. Akataka 50,000 aifute kodi ya mama "kwa njia ya mkato", halafu akashusha sauti. "Dada, si una nyumba Chanika? Iandike jina la mama. Akipata msamaha, zote mbili zinapumzika."

Kwanza ni uongo, kwa sababu msamaha ni wa nyumba moja anayoishi. Lakini hata kama ingewezekana, nisingefanya, na ninataka kueleza kwa nini.

Baba yangu mdogo alikuwa karani wa manispaa enzi ambazo halmashauri zilikusanya kodi hii zenyewe. Alikuwa anatembea na ankara begani, mlango kwa mlango. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya ikaanza kuhamia TRA, Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2018 nyumba ya kawaida ikapangiwa 10,000 kwa mwaka. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye luku, yaani umeme wa kulipia kabla, 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, huku ghorofa likilipa 7,500 kwa kila sakafu kwa mwezi. Sasa inayorudi halmashauri ni sehemu tu ya makusanyo. Baba mdogo husema halmashauri haina vyanzo vingi vya kwake, na hiki kilikuwa kati ya vile vya kuaminika, kwa sababu nyumba haihami.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Mwaka jana tulipita nyumba kwa nyumba kuorodhesha wazee, tukapata nyumba 41 ambazo mzee mwenyewe anaishi humo na anategemea watoto. Zote zikisamehewa ni 738,000 kwa mwaka. Kuzibua mtaro wetu kabla ya masika tulichangishana laki saba na kitu. Kwa hiyo msamaha wa wazee wetu ni kama mtaro mmoja, na mimi niko tayari mtaro huo tuuchangie, maana hao ndio waliotulea. Lakini kila mzee akiazimwa jina na mtoto mmoja tu kwa ajili ya nyumba ya kupangisha, hiyo 738,000 inakuwa karibu milioni moja na nusu, na hilo pengo hawajalitoboa wazee. Tumelitoboa sisi wenye nguvu, tumejificha nyuma ya kanga zao.

Tena kuna linaloniuma zaidi. Nyumba moja iliyoko Mikocheni yenye bustani na bwawa la kuogelea inalipa 1,500 sawa na ya mama yangu Tandika, kwa sababu haina ghorofa. Huo nao ni msamaha, ila hauna fomu. Ningekuwa na sauti bungeni ningeanza na huo kabla ya kumgusa mzee yeyote.

Yule bwana nilimwambia asante, na 50,000 yangu ikabaki mfukoni.

Kadi mpya ilipotoka, 1952, tulirudi dirishani. Kijana alikuwa yule yule na alitukumbuka. Fomu, viambatisho, wakaja kuiona nyumba, na baada ya wiki tatu hivi jibu likatoka kwamba amesamehewa. Zile 4,500 hazikurudi na sikuzidai.

Tarehe moja ya mwezi uliofuata nilikuwa kwake alfajiri. Alinunua umeme wa 10,000 mwenyewe, akavaa miwani, akaingiza tarakimu moja moja huku akizitaja kwa sauti. Mita ikaandika 28.1. Siku hiyo hiyo mpangaji wangu wa Chanika alinitumia ujumbe wa luku, umekatwa 1,500, nikampunguzia kwenye kodi ya pango kama tulivyokubaliana.

Kadi nyingine kati ya zile nyumba 41 ina mwaka 1970, ya mzee ambaye mwanawe wa kwanza tulisoma naye darasa moja. Ameniambia ana cheti cha ubatizo mahali fulani. Jumatatu nakwenda tukitafute.