Kibwagizo Kwanza, Beti Baadaye

Ukitunga shairi la uhuru, neno lenyewe ndilo linaloanza kukubana. Linaishia na "ru", na vina hivyo havijazagaa: nuru, shukuru, dhuru, ushuru, kufuru, halafu unabaki kukuna kichwa.

Nilikuwa naandaa tarbia, yaani shairi la mishororo (mistari) minne kila ubeti, ya kughaniwa Desemba 9, siku ya uhuru wa Tanganyika: mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane utao, nusu ya pili. Nilianza na kibwagizo, kwa kuwa ndicho kitakachorudi kila ubeti na ndicho wasikilizaji watakachoondoka nacho. Kilipokaa sawa, nikapanda juu:

Mwenge upo mlimani, gizani watoa nuru,
Wazee wa vijijini, leo wote washukuru,
Viboko vi majivuni, hakuna wa kutudhuru,
Tuushike mikononi, usiponyoke uhuru.

Mwenge ni ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliusimika kileleni Kilimanjaro mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Hesabu kwa vidole: "mwenge" ni mizani miwili tu, lakini "mlimani" ni minne, kwa sababu ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake. Hapo ndipo wengi wanapopungukiwa au kuzidisha. Mimi sijiamini kwa macho. Naghani kwa sauti, na mshororo uliopinda unajitaja wenyewe.

Mshororo wa tatu ulitaka kuishia na "imekwisha na ushuru". Mizani nane safi, kina kitamu, ila ni uongo mtupu. Muulize mwenye duka yeyote. Nikaukata.

Kuhusu beti zilizofuata, mtiririko ungenimaliza: "ru" kuanzia juu hadi chini ningeishia kuokota maneno ya kujazia. Nikachagua ukara: vina vya mwisho vikabadilika kila ubeti, "ni" ya kati na kibwagizo vikabaki palepale. Kwangu raha ya urudiaji iko hapo. Baada ya ubeti wa mwenge, "usiponyoke uhuru" ni majigambo. Ubeti wa nne niliutungia rushwa:

Mgonjwa yumo foleni, hatibiwi bila hongo,
Haki imo mfukoni, anayo mwenye viwango…

Kibwagizo kilekile kikifuata hapo kinakuwa karipio. Mghani wetu alilielewa hilo bila kuambiwa. Ubeti wa kwanza alikiimba kwa kupandisha. Wa nne alikishusha taratibu, akarudia utao mara mbili, na wazee waliokaa mbele wakaanza kumwitikia.