Boazi Hakuishia Pembezoni mwa Shamba

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu la juma hili ni Ruthu 2.

Tumezoea kuisoma sura hii tukiwahi habari ya ndoa. Naomba safari hii tubaki shambani kwenye mavuno ya shayiri, kwa kuwa pale tunamwona Boazi, mwenye mali, akiipokea familia isiyofanana na za jirani zake: Ruthu, mjane kijana, mgeni kutoka Moabu, anayemtunza mkwewe mzee Naomi, naye mjane, wala nyumbani mwao hamna mwanamume wala mtoto.

Torati, katika Walawi 19, ilimtaka mwenye shamba asivune hadi pembezoni, ili maskini na mgeni wapate. Boazi angeweza kuishia hapo na asihesabiwe kosa. Lakini aliwaagiza vijana wake wasimguse Ruthu, akamruhusu kunywa maji waliyoyateka wao, akamketisha pamoja na wavunaji wakati wa kula, kisha akawaamuru wamwachie masuke ya miganda kwa makusudi, wala wasimkemee. Agizo hilo la mwisho linanigusa kuliko yote, maana msaada uliochanganywa na karipio humshibisha mtu na kumwumiza papo hapo. Jioni Ruthu alirudi na kiasi cha efa moja ya shayiri, na chakula alichosaza akampa Naomi.

Huku kwetu Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, akina Naomi huingia shambani wenyewe. UKIMWI uliipiga Iringa na Njombe kuliko sehemu nyingi za nchi, na nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu. Bibi huyo huamka ukungu wa Julai ukiwa bado umelalia chai, akawaachia watoto uji, akajitwika kikapu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya majukumu ya kifamilia, na inampa siku zisizopungua 4 zenye malipo mwanawe anapougua au kufariki. Kwa mjukuu, siku hizo imezitaja kwa kifo peke yake. Mjukuu akishikwa na homa usiku, bibi ambaye ndiye mama pekee anayemjua mtoto yule hana cha kudai. Hapo ndipo msimamizi Mkristo, awe wa kiwanda cha chai au wa karakana ya mbao pale Mafinga, anapoulizwa na somo hili kama ataishia pembezoni; kwa maana hakuna sheria inayomzuia kuandika katika taratibu zake za kazi kwamba mlezi ahesabiwe mzazi.

Nasi kanisani tuna la kutubu. Nilipokuwa katika kamati ya kipaimara, bibi mmoja alisimama mbele ya meza yetu na fomu iliyotaka jina la baba na jina la mama. Aliishika kwa vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, akauliza kwa sauti ya chini aandike la nani. Nikamwambia aache wazi, nikidhani nimemjibu kwa upole. Baadaye, nikizipanga fomu, niliiona ile yenye nafasi mbili tupu: jina la aliyemlea mtoto yule tangu akiwa mchanga halikuwamo popote.

Tuliichapa upya, ikiwa na mstari wa mlezi, nami nikampelekea nyumbani. Nikabisha, “Kamwene, bibi.” Aliiweka karatasi juu ya kigoda, akaandika jina lake taratibu kwa herufi kubwa, kisha akamwita mjukuu aje aone.