Oili ya muda mrefu kwenye Scania yangu: inalipa au hailipi?

Wenzangu pale maegesho wananiuliza kila siku, hivi ile oili ya muda mrefu uliyoweka kwenye Scania vipi, inalipa au umepigwa? Leo nipo nyumbani Tabora, gari iko Kasulu inashusha simenti, ngoja niandike yote kwa kirefu, maana nikijibu juu juu mtu anaondoka na kale kasehemu alikokuwa anakataka tu.

Gari yenyewe ni 124, injini ya lita 12, nimeinunua tayari imeshatembea sana. Inapiga Dar, Tabora, Kigoma, na msimu wa tumbaku inaingia ndani huko Ulyankulu na vijiji vya Kaliua kubeba marobota, na anayezijua zile njia wakati wa kiangazi anajua lile vumbi, unaliona gari la mbele yako kama moshi tu. Oili ya kawaida 15W-40 nilikuwa namwaga kila kilomita 10,000, zaidi ya lita 30 kwa mkupuo mmoja, na filta zake, na siku nzima gari imelala gereji. Ukiwa na gari moja siku hiyo moja inauma jamani, mzigo unapewa mwenye gari iliyo tayari.

Basi muuza oili mmoja akanishawishi. "Kaka, hii ukiweka unasahau, kilomita 60,000 hugusi kitu." Bei ilikuwa kama mara mbili na nusu ya ile ya kawaida. Nikapiga hesabu pale pale kichwani, kama nilikuwa namwaga kila 10,000, basi hii ikifika 25,000 pesa yangu imerudi na kilomita zinazobaki zote ni faida. Nikalipa.

Kwa kweli mwanzoni nilifurahi sana. Injini ikiwa ya baridi asubuhi inawaka vizuri, na dreva wangu akawa ananipigia kila akifika, "Bosi, oili hii haipungui hata kidogo." Zamani kila tripu alikuwa anaongeza lita moja, mbili, sasa kijiti cha kupimia oili kinasoma pale pale. Kilomita 10,000 zikapita, 20,000 zikapita, mimi nahesabu faida.

Ilipogonga kama 24,000 nikampelekea fundi wangu, mzee mmoja namwita Baba, kwa shida nyingine kabisa ya breki. Nikamsimulia kwa furaha kwamba oili haipungui. Akanyamaza, akaniangalia. "Haipungui? Injini ya umri ule? Hebu leta kijiti." Akaifikicha kati ya vidole, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Dizeli. Noza moja, ile inayopulizia dizeli ndani ya silinda, ilikuwa inavuja, injini inakula oili kama zamani na dizeli inashuka chini kuziba lile pengo, ndiyo maana kijiti hakishuki! Sisi tunashangilia, kumbe oili inazidi kuwa nyepesi kila siku.

Tukafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Metali za konrodi, yale mabati laini yanayokaa kati ya konrodi na krenki, zilishaanza kuonyesha rangi ya shaba. Krenki ilipona, nikabadilisha metali, noza ikaenda kutengenezwa, na Baba akaniambia ningesubiri tripu mbili tatu tu tungekuwa tunazungumzia kunoki injini, yaani kufa kabisa. Sikulala vizuri usiku ule, nilikuwa namuwaza dreva na utingo wake wamekwama usiku porini huko kabla ya daraja la Malagarasi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka watu wanielewe. Oili ile haikuwa mbovu wala haikuwa feki. Tatizo ni kwamba nilipokuwa namwaga kila kilomita 10,000 sikuwa nabadilisha oili peke yake, kila mara fundi alikuwa anaingia chini ya gari, anaona hose imechoka, anaona filta ina unga wa chuma, ananusa kile kinachotoka. Nilipoweka oili ya kukaa muda mrefu nikayaondoa na yale macho. Oili ya muda mrefu inataka uitazame mara nyingi kuliko ile ya kawaida, na muuzaji hakuniambia hilo, na mimi sikuuliza.

Na zile 60,000 zinatoka wapi? Zipo kweli, wenzetu Ulaya kuna magari yanafika hata zaidi ya hapo, lakini ni injini mpya, lami tupu, mwendo mmoja kutwa nzima, na dizeli yao tangu 2009 haizidi salfa 10 ppm, yaani sehemu 10 kwa kila milioni. Yetu Afrika Mashariki kiwango ni 50 ppm tangu 2015, ni nzuri sana kulinganisha na zamani ila bado ni mara tano ya ile yao, na hapo nasemea dizeli ya sheli, sio ile ya madumu unayouziwa kijijini ukikwama. Salfa ikiungua inazaa asidi, na ndani ya oili kuna dawa ya kuiua hiyo asidi, kipimo chake kinaitwa TBN. Dawa ikiisha, asidi inaanza kula metali hata kama oili kwa macho inaonekana nzima.

Kwa hiyo soma dumu. Ukikuta ACEA E4 (ACEA ni viwango vya oili vya watengeneza magari wa Ulaya), TBN yake inatakiwa isipungue 12. E7 isipungue 9. E6, ambayo tangu 2022 ACEA wameweka E8 mahali pake ila bado utaikuta imeandikwa kwenye madumu, iliruhusiwa hata 7, kwa sababu ilitengenezwa kwa magari yenye chujio la masizi kwenye ekzosi na dizeli safi. Zote mbili, E4 na E6, utauziwa kwa jina la oili ya muda mrefu, na ukiweka E6 kwenye gari la zamani kama langu unalipa bei kubwa kwa dawa kidogo. Mimi nachukua E4.

Halafu kilomita zenyewe zinadanganya. Foleni ya kushusha Kigoma, gari inawashwa usiku kucha, dashibodi haihesabu hata mita moja ila oili inafanya kazi. Baba anahesabu saa moja ya kusimama gari ikiwa inanguruma kama kilomita 40, na mimi nimeanza kumwandikisha dreva masaa kwenye daftari. Vumbi nalo lina hesabu yake, ea klina, chujio la hewa ya injini, ikipitisha mchanga kidogo tu, hakuna oili ya bei yoyote itakayozuia ule mchanga kusaga silinda na ringi, kwa hiyo msimu wa tumbaku ea klina inafunguliwa kila wiki.

Rangi msiihangaikie. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuiweka, maana kazi yake ni kuyabeba masizi yasigande kwenye vyuma. Kuna kipimo cha bure, chukua tone kutoka kwenye kijiti injini ikiwa ya moto, dondoshea kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, iache mpaka kesho. Tone likisambaa kijivu taratibu kutoka katikati, oili bado inabeba masizi. Ukikuta doa jeusi tii limeganda katikati na haliendi popote, imechoka. Ukiona duara jingine jepesi la mafuta kwa nje, shuku dizeli. Zaidi ya hapo nachukua sampo kwenye kichupa kisafi naipeleka kwa basi Dar maabara, wanapima chuma, mchanga, dizeli na TBN iliyobaki, na TBN ikishuka nusu ya ile ya mwanzo namwaga.

Na mwenye gari linalokula lita moja kila kilomita 1,000, mpaka 10,000 ameshaongeza lita 10 mpya, sasa huyo oili ya bei ya nini? Aweke 15W-40 nzuri ya CI-4 (hicho ni kiwango cha Wamarekani, API, kinaandikwa kwenye dumu), aongeze, amwage kwa wakati, pesa inayobaki aitunzie ringi.

Mimi nimebaki na ile ya muda mrefu, lakini namwaga kwenye 20,000. Kwa oili peke yake hapo napata hasara kidogo, nakiri, ila zile siku za gereji zimepungua nusu na filta pia, ukijumlisha vyote inarudi. Sasa hivi ina 13,000 tangu nimwage. Dreva amenitumia picha ya tone la jana kutoka Kasulu, limesambaa vizuri, kijivu mpaka pembeni, na kijiti kimeshuka kidogo kama kinavyotakiwa kushuka. Kichupa cha sampo kinapanda basi akifika Tabora.