Chujio la chai na reli za San Marco

Nianze na aliyeniudhi. Kuna bwana mmoja mwenzetu katika ujenzi wa modeli ambaye kila ukimuuliza jambo, jibu lake ni vijiti vya meno. Reli? Vijiti vya meno. Ngazi? Vijiti vya meno. Nikamwambia, kaka, modeli yangu ni ya kipimo cha 1/72. Kijiti cha milimita 2 ukikizidisha mara 72 unapata sentimita 14 na ushei. Hiyo si reli ya kushika, ni boriti ya kuezekea. Mwingine akanipa njukuti za ufagio. Afadhali, ila njukuti haina unene mmoja kutoka shina hadi ncha, na kwa unyevu wa Malindi haichelewi kujikunja.

Ninachojenga ni San Marco, lile jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, lililo baharini mbele ya Ngomeni, pwani ya Kenya, jinsi lilivyokuwa Desemba 1970. Tarehe 12, sikukuu ya uhuru wetu, roketi ya Scout ilipaa hapo na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kupelekwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Roketi yenyewe haikunipa shida: mabomba ya plastiki, urefu sentimita 32 hivi, rangi, basi. Kazi iko kwenye jukwaa. Mtazamaji haikodolei macho roketi. Anaangalia reli, ngazi na wavu wa kukanyagia, na hapo ndipo anapojua kama umejenga jukwaa au umepaka sanduku rangi.

Waya wa reli niliupata kwa fundi wa kusuka mota. Shaba ya mota zilizoungua huwa anaiuza kwa kilo; nilimpa hela ya chai akaniachia fungu zima. Nilichagua wa nusu milimita, ambao kwa kipimo changu ni sentimita 3.6, unene wa bomba la reli hasa. Unatoka umejikunjakunja, na usijaribu kuunyoosha kwa vidole. Funga ncha moja kwenye grili ya dirisha, nyingine ishike kwa plaisi, kisha vuta taratibu mpaka usikie umelegea mkononi, kama mshipi samaki anapouachia. Hapo shaba imerefuka kidogo na imenyooka, huioni kona hata ukiufumbia jicho moja. Vanishi yake ikwangue kwa msasa, la sivyo lehemu haishiki ng'o.

Halafu nikachukua kipande cha mvule kilichobaki kwa seremala, nikachimba mifereji kwa kisu: miwili ya kulala kwa ajili ya reli ya juu na ya kati, na ya kukatiza kwa ajili ya nguzo. Siri ni kuwa mifereji ya nguzo iwe na kina zaidi, ili reli zipite juu yake bila kubenuka. Unalaza waya, unatonesha lehemu kila zinapokutana, unapiga tupa. Zote zinatoka sawa bila kupima tena.

Kwenye wavu wa kukanyagia, kila mtu alisema chandarua. Tundu la chandarua lile, ukizidisha, kisigino cha fundi kingezama! Nilizunguka na rula yangu nyumba nzima mpaka nikafika jikoni kwenye chujio la chai, la waya, si la plastiki. Tundu nusu milimita. Tatizo chujio ni bakuli, na waya wake ni mkaidi, ukiubana unarudi. Nikaliweka juu ya makaa mpaka likawa jekundu, nikaliacha lipoe lenyewe, nikalibana kati ya vipande viwili vya chuma. Likalala kimya. Kabla ya kukata, pitisha supaglu juu ya mstari wa mkasi, ikauke, ndipo ukate; vinginevyo nyuzi zinafumuka zote. Mama watoto alipolitafuta jioni nilimwambia liko baharini. Machujio mengine nimenunua mwenyewe, bei si kitu.

Kutu nako nilishauriwa nimwage kila mahali, kwa kuwa picha za siku hizi zinaonyesha chuma chekundu kitupu. Mzee mmoja wa Ngomeni aliyepata kupaka rangi kule aliiangalia modeli akacheka. "Mwanangu, huku juu kutu ya nini? Sisi tulikuwa tukikwangua na kupaka, tukikwangua na kupaka. Kutu iko miguuni, maji yanapopanda na kushuka." Basi sitaha nimeiacha safi. Miguuni nimetumia kutu ya kweli: waya wa kusugulia sufuria ndani ya siki na chumvi, ukaushe, usage, uchekeche kwa mtandio. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, hapa kwetu huinua maji mita 3 hivi, kwa hiyo mkanda wa kutu una sentimita 4 tu, wala hauzidi.

Nyaya zilizounganisha San Marco na Santa Rita, jukwaa la kuongozea urushaji, zilipita chini ya bahari, kwa hiyo hizo nimesamehewa. Sasa natafuta taa za sitahani. Mwenye vibalbu vya mapambo ya arusi asivyovihitaji anitafute, ila avipime kwanza kwa milimita.