Slaidi 64 na ndoo ya maji

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuwanoa wahadhiri wenzangu wafundishe kwa kuihudumia jamii, niliandaa slaidi 64. Sitanii. Fasili nne, mishale, na lile duara linalozunguka. Kufika slaidi ya 20, dokta mmoja wa kemia alikuwa anakoroma kwa adabu, miwani usoni. Wengine wanaulizana posho inasainiwa wapi. Kwenye fomu ya tathmini wote wakajaza "vizuri sana". Muhula ukaanza, hakuna aliyebadilisha hata swali moja la mtihani.

Mkubwa mmoja akanishauri niongeze posho na nilete mtaalamu kutoka nje. Nikaitikia "sawa mzee", nikafanya yangu.

Nilikodi Noah mbili, laki mbili na ushee pamoja na mafuta, tukaenda kijiji kimoja chini ya Mlima Meru. Ukanda ule maji yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno. Watoto wanaota meno ya kahawia, na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Sharti langu lilikuwa moja: saa nzima ya kwanza hakuna kumfundisha mtu, ni kuuliza na kubeba ndoo.

Dokta wa kemia alivumilia dakika kumi. Akatoa kifaa chake, akaanza kumweleza bibi mmoja kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, meno yote nje.

"Mwanangu, kipimo changu ndicho hiki. Kila mara mnakuja kuchota maji yetu kwenye vichupa. Majibu huwa mnayapeleka wapi?"

Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Nilivaa ndala.

Akatuonyesha chujio la mkaa wa mifupa, limefunikwa kanga, halitumiki. Halikuwa bovu. Mkaa ule hunasa floraidi mpaka unashiba, na ukishashiba huwezi kujua kwa kuonja maji. Kwa kuwa hakuna aliyejua lini aubadilishe, wakaliacha. Dokta akaketi kwenye kigoda. Jinsi mkaa unavyonasa vitu mpaka ushibe ni mada yake ya mwaka wa pili!

Usiku kila mmoja akaandika ukurasa mmoja: nimeona nini, kinahusiana vipi na somo langu, Jumatatu nafanya nini. Hiyo ndiyo tafakuri watakayowadai wanafunzi, na asiyewahi kuiandika ataisahihishaje? (Wawili waliniletea ripoti yenye marejeo. Nikawarudishia.) Walionisumbua kwamba "hii si ni fildi tu, mafunzo kwa vitendo?" wakanyamaza wenyewe: fildi mwanafunzi anaondoka na uzoefu wake, ila kwenye hii yetu mwanakijiji naye lazima abaki na kitu mkononi.

Sasa wanafunzi wa dokta hupima kila mwezi maji yanayotoka kwenye chujio, na alama zinaingia kwenye kazi za muhula. Majibu yanabandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Karatasi ya kwanza ilikuwa na jedwali na neno "ukolezi". Bibi akamrudishia dokta kalamu, akamwambia aandike kwa herufi kubwa: MKAA BADO, au MKAA UMECHOKA.