Nilikosea makusudi mbele ya wazee, na siku yetu ya historia ikafana

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: tafuta msanii wa Bongo Fleva, tafuta mgeni rasmi, kodi spika kubwa, watu watajaa wenyewe. Aliyenipa ni kijana mmoja wa Dar anayejiita mratibu wa matamasha. Nilimnunulia wali kuku na nauli juu. Mpaka leo nikikumbuka ule wali kuku roho inaniuma.

Mimi sikuwa nataka tamasha. Nilitaka siku moja tu kijijini kwetu, kando ya mto Rufiji, wazee wasimulie, akina mama waimbe zile nyimbo za kutwanga, na watoto wasikie kwamba bonde hili wanaloliona la matope na viboko liliwahi kumnyima Mjerumani usingizi. Maana inakera. Ngarambe, alikogawa maji ya Vita vya Maji Maji Kinjikitile Ngwale, ni kwetu huku. Mohoro, aliponyongwa Agosti 1905, ni kwetu huku. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta yetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na ikafia humo humo mwaka 1915. Halafu mtoto wa darasa la sita ukimuuliza Rufiji kuna nini anakujibu: "Bwawa la umeme." Basi.

Mara ya kwanza nilifuata ushauri, isipokuwa msanii, kwa sababu bei aliyotaja ingetosha kunijengea choo. Nilichagua Jumamosi moja ya mwezi wa sita, shule zimefungwa, nikapewa darasa. Nikakodi jenereta na projekta Ikwiriri, nikachapisha bango lenye sura ya mgeni rasmi (sura kubwa kuliko maneno), nikapanga viti vya plastiki sitini. Nilikuwa nimeandaa picha arobaini na mbili. Nilizipanga kwa tarehe kama mwalimu wa chuo.

Mgeni rasmi alisema saa nne asubuhi. Saa saba akapiga simu, yuko njiani. Saa tisa yuko njiani. Saa kumi simu haipatikani. Tulikuwa watu kumi na mmoja humo ndani, wanne wa nyumbani kwetu, mmoja ni mwenye jenereta aliyekuwa akisubiri hela yake. Nikaona nianze tu. Picha ya tatu jenereta likakohoa na kuzima. Na dirisha la darasa lilikuwa halina pazia, kwa hiyo hata zile picha mbili za mwanzo watu waliona ukuta mweupe na mimi nanyoosha kijiti.

Jioni nikamkuta mzee mmoja jirani yetu anasuka mgono, mtego wa samaki, barazani. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikalalamika kwamba watu wa siku hizi hawapendi historia. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, watu wako bondeni wanaamia mpunga. Mkutano wako ulikuwa wa nani, wa ndege?"

Mimi, mzaliwa wa Rufiji, nilisahau kwamba mpunga ukikaribia kuiva kijiji kizima kinahamia mashambani. Watu wanalala juu ya madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa, mchana wanafukuza ndege, usiku wanafukuza nguruwe. Miaka kumi ya Mbagala ilikuwa imenifanya mgeni. Yule mratibu wa Dar sina haki ya kumlaumu kwa hilo, ila namlaumu tu.

Kwa hiyo, kama uko bonde lolote la mto, kalenda ya ukutani iweke kando. Uliza maji yanajaa lini, yanapungua lini, watu wanapanda lini na wanavuna lini. Kwetu masika mto unapanda, maji yakishuka watu wanalima mlau kwenye unyevu uliobaki, na mpaka mpunga uingie ghalani huna hadhira. Baada ya mavuno watu wapo, wana chakula, wana nafasi. Lakini huo nao ndio msimu wa harusi, jando na unyago, utagombana na ngoma za watu wengine. Nitafika huko.

Nikarudi Dar na aibu yangu. Kilichonirudisha kijijini ni babu yangu mzaa mama, ambaye asili yake ni Umatumbini, kwa Wamatumbi. Nilikuwa nimeshamfuata mara tatu na simu ya kurekodi. Kila mara jibu ni moja: "Ah, mjukuu wangu, hayo ya zamani sana. Mimi niliyasikia tu. Kawaulize waliosoma." Unabaki unarekodi kuku wanavyodonoa.

Mara ya nne nilikuwa nimechoka. Nikafunga daftari, nikasema kwa hasira kidogo, "Basi babu, mimi nitaandika kwamba Kinjikitile alinyongwa Kilwa Kivinje, pale kwenye mwembe, yaishe."

Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba. Akaketi.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia."

"Umesikia kwa mwendawazimu! Kivinje walinyongwa wengine, na mwembe wao wenyewe wanao. Huyu walimnyongea Mohoro! Mohoro! Hata vita havijapamba moto." Na hapo akafunguka. Akasimulia Kinjikitile alivyoingia majini watu wakilia, kesho yake akaibuka na nguo kavu. Akasimulia watu walivyokuwa wakienda Ngarambe makundi kwa makundi kuchukua maji, na mtama uliochanganywa humo. Akasimulia pamba ya kulazimishwa, na kule Nandete walivyoing'oa mashina mwezi wa saba kumtangazia Mjerumani vita. Nilipomuuliza mbona siku zote alisema hajui, akanijibu kwamba mimi nilikuwa namuuliza kama karani wa kodi. Simu ilizima chaji katikati. Nikaendelea kuandika kwa kalamu nyuma ya bahasha, kwa mwanga wa koroboi, na nilikuwa nacheka peke yangu kama aliyeokota pochi.

Nikaijaribu tena kesho yake kwa bibi mmoja ambaye zamani alikuwa akiuza chakula kwenye kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Sikumuuliza chochote. Nilisema tu, "Bibi, nasikia zamani pantoni ilikuwa haina shida, watu walikuwa wanavuka dakika tano." Maskini mimi. Nilipewa masaa mawili ya malori yaliyokwama, abiria waliolala porini siku nyingi, na orodha ya watu waliokula kwake wakaondoka bila kulipa. Wengine bado wako hai na aliwataja.

Hapo nikajua ninacho.

Mara ya pili, mwezi wa tisa, sikukodi darasa wala projekta. Nilichagua Jumamosi ya mbalamwezi, tukaanza baada ya Alasiri, tukasimama kwa Magharibi, tukaendelea mpaka Isha. Kibali nilikuwa nacho. Katikati ya uwanja nilijenga dungu, dungu la kweli la miti na ngazi, kama lile la shambani. Vijana watano, siku mbili, nilitumia kama laki moja na nusu na chai, labda laki mbili, sikuandika. Jukwaa la kukodi wangeniomba zaidi, na isitoshe dungu lenyewe ni historia: wapo wazee waliozaliwa juu ya dungu, kabla ya mafuriko ya 1968 na ile operesheni ya kuwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu.

Nikapanda juu na suruali yangu ya kunyoosha, miwani isiyo na kazi na karatasi mkononi. Nikawa msomi wa mjini. Nikaanza kusoma uongo.

Nilisema Königsberg ilizamishwa na manowari kubwa za Waingereza zilizopanda mto mpaka ilipo. Kimya. Watu wanatazamana. Nikaongeza kwa madaha kwamba delta ya Rufiji ina kina kirefu, meli yoyote inaingia. Mzee mmoja mvuvi, mtu wa kule kwenye mikoko, akashindwa kuvumilia. "Wewe! Umewahi kushika upondo wa kusukumia mtumbwi? Meli kubwa ipite wapi?" Sharti lilikuwa moja: anayenisahihisha anapanda dungu na mimi nashuka ngazi moja. Akapanda. Akaeleza jinsi Mjerumani alivyopita njia anayoijua mwenyewe wakati wa maji makuu, na Mwingereza akabaki nje baharini anazunguka, hana pa kupenya. Ilibidi ziletwe meli mbili fupi za maji machache, Severn na Mersey, na ndege zikitokea Mafia kuangalia mizinga inaangukia wapi. Walishindwa tarehe 6 Julai, wakarudi tarehe 11 wakaimaliza. Majina na tarehe nilimnong'oneza mimi, siyo siri, lakini habari za mikondo na mawimbi na wapi mtu anakwama zilikuwa zake, na watoto walikuwa wameachama.

Nikasema na mizinga ikazama na meli. "Hapana!" Huyu sasa mwalimu mstaafu. Mizinga yote kumi ilitolewa, ikakokotwa nchi kavu, Mjerumani akaendelea kupigania vita nayo, na mmoja mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa. Mimi nikashuka ngazi nyingine. Kufikia Magharibi nilikuwa nimekaa chini vumbini na dungu limejaa wazee hadi nikaogopa miti itavunjika.

Tuseme ukweli, haikuwa raha mwanzo mwisho. Babu yangu alipanda akagoma kushuka. Mzee mwingine akadai mababu zake walikunywa maji Ngarambe kabla ya mababu wa fulani, wakataka kukabana. Mtu wa spika (nilikodi moja ndogo, nakiri) aligombana na wapiga ngoma kwa sababu walikoka moto wa makuti karibu na nyaya zake. Nikamwondoa yeye. Ngoma kando ya mto usiku inapata umande inalegea, usipoikausha motoni inalia kama debe. Ukiandaa shughuli yenye ngoma, anza na sehemu ya moto, halafu ndiyo ufikirie umeme.

Na lile la ngoma za wenzako: usiku huo huo mtaa wa pili palikuwa na kigodoro, ngoma ya kukesha ya mtaani. Nilitaka kwenda kuomba waahirishe, mama yangu akanizuia. Akaenda yeye, akaongea na mama mwenye shughuli, wakakubaliana sisi tumalize Isha wao waanze. Tena wakaja wote kwetu kwanza, na khanga zao za sare. Hadhira yangu nusu ilikuwa ya kigodoro, siwezi kuficha.

Kuhusu nyimbo za akina mama, nilikwenda mapema kwa nyakanga, mkuu wa unyago, nikiwa na mama na kilo mbili za sukari. Nikamtajia nyimbo nilizokuwa nikizisikia utotoni. Alinikubalia nne. Nyingine alinitazama tu na kuniuliza nilizisikia wapi, na mimi mwanamume. Sikubishana. Kijana mmoja mwenye kamera aliniambia nimepoteza "maudhui". Hizo za ndani zibaki ndani. Zile nne zilitosha, hasa ile ya kutwanga ambapo vinu vitatu vinapokezana, mchi mmoja ukiwa juu mwingine unashuka, na wanawake wa umri wa mama yangu wakaanza kutoka kwenye mkeka mmoja mmoja kuchukua mchi bila kuitwa.

Vitu vya kale nilivitandika kwenye mikeka ya ukindu: migono, vifumbu, upato, taa, jembe la zamani. Usiviweke vitu bila wenyewe. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe kakaa pembeni yake, ndiye maelezo. Kulikuwa na bibi aliyeleta rupia ya Kijerumani yenye kichwa cha Kaiser. Hakuiweka mkekani hata sekunde moja, kaifunga kwenye pindo la khanga, ukitaka kuiona unamwamkia kwanza, anafungua, unaiona, anafunga. Foleni yake ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote.

Sikuhesabu watu. Mwenyekiti wa kijiji anasema mia nne, babu anasema elfu. Bango lilikuwa hamna, mgeni rasmi hamna.

Kosa moja tu ndilo linaloninyima raha. Katika uongo wangu wote pale juu ya dungu, kuna mmoja uliopita bila mtu kuusahihisha. Nilisema Königsberg ilikuwa na bomba mbili za moshi. Zilikuwa tatu. Nilisubiri, nikarudia kwa sauti, nikamtazama mwalimu mstaafu, naye alikuwa anakunywa maji. Kelele za mizinga zikatuchukua, nikasahau.

Mwezi uliofuata nimekwenda shuleni kushukuru kwa madawati waliyotuazima. Ukutani darasa la tano wamebandika mchoro mzuri sana: mto, mikoko, kiboko, na manowari yenye bomba mbili. Nikamwambia mwalimu wao kwa upole kwamba zilikuwa tatu. Akamwita mchoraji. Kijana akanitazama juu mpaka chini, hakunitambua bila miwani, akasema hapana, ni mbili, alisema yule msomi wa kwenye dungu.